Mashine ya Alama za Vidole Katika Kiwanda cha Korosho: Tathmini Baada ya Msimu Mmoja

Tumemaliza msimu mzima tukitumia mashine ya alama za vidole kurekodi saa za kazi katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho mkoani Mtwara. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeandaa mahudhurio kabla hayajafika kwa karani wa mishahara, naona nina wajibu wa kuwaeleza wanaofikiria kuinunua kwamba ni chombo kizuri kwa idara ya ufungashaji na kibaya kwa wabanguaji.

Awali tulikuwa na daftari la getini. Watu walisainiana, na aliyefika saa mbili na nusu aliandika saa moja na nusu kama waliomtangulia. Lakini kilichonisumbua zaidi ni saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na inataka kila saa ya ziada ilipwe angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kina mama wa ufungashaji waliobaki hadi usiku kumalizia mzigo hawakuwa na ushahidi zaidi ya kumbukumbu ya msimamizi wa zamu, ambayo mara nyingi ilikuwa fupi kuliko saa zao. Mwezi wa kwanza wa mashine hii malipo yao ya ziada yaliongezeka, na hakuna aliyelazimika kubishana dirishani. Kwa hilo ninaithamini.

Kwa wabanguaji hali ni tofauti kabisa. Mashine hupima mahali mistari ya ngozi inapokomea na inapogawanyika, ikavigeuza vipimo hivyo kuwa namba, na kila asubuhi hulinganisha kidole kilichowekwa kwenye kioo na namba zilizosajiliwa. Ganda la korosho nalo lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mbanguaji, hata akijipaka mafuta au majivu, hufika katikati ya msimu ncha za vidole zikiwa zimebabuka na mistari imefutika. Mashine humkataa. Hufuta kidole kwenye kanga, hujaribu kingine, foleni nyuma yake inarefuka, na anapokubaliwa hatimaye huhesabiwa kuwa amechelewa, ilhali alikuwa getini tangu mapema. Nimewaona wanawake waliobangua kwa miaka mingi wakiondoka hapo na machozi, kwa kuwa mikono iliyoharibiwa na kazi ndiyo iliyowanyima malipo ya kazi. Muuzaji alishauri tuwasajili upya. Tukafanya hivyo, na ngozi mpya ilipoota, mashine ikawakataa tena.

Mengine yanavumilika. Umeme ukikatika, betri ya ndani huendelea kwa saa kadhaa, na taarifa za mwezi huhamishwa kwa flashi bila kuhitaji intaneti.

Jambo tulilolikosea sisi wenyewe ni ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu alama za vidole miongoni mwa taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika. Tulisajili vidole kwanza, fomu zikafuata baadaye, na haikupaswa kuwa hivyo, kwani nywila ikiibwa hubadilishwa, lakini kidole hakibadilishwi. Kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji ni nani mwingine anayeweza kuzifungua taarifa hizo na jinsi ya kuzifuta mfanyakazi anapoacha kazi. Kwetu, kumfuta mtu kulihitaji fundi.

Kwa sasa wabanguaji wanatumia kadi, na msimamizi anathibitisha kwa saini mbele yao. Anayenunua achague mashine inayosoma kadi pamoja na vidole, na aijaribu kiwandani katikati ya msimu, kwa mikono ya wabanguaji wenyewe, wala asiridhike na majaribio ya dukani kwa kidole cha muuzaji.