Fundi wa databesi pale Chikongola: tulichopata kwa laki na ishirini

Sipiyu niliifunga kwa kanga mbili, nikaipakata kwenye basi kutoka Tandahimba hadi Mtwara mjini. Kondakta akanitoza elfu mbili ya mzigo juu ya nauli. Nilipomuuliza mbona nimeipakata, akanijibu, "Mama, kwani ukiipakata ndo haina uzito?" Mpaka tunaikuta lami ya Mnivata mapaja yalikuwa yamekufa ganzi na kanga ya juu imegeuka rangi ya udongo. Nayasema haya kwanza ili anayetaka kumfuata fundi huyu ajue kwamba yeye hapandi huku kwetu. Nilimbembeleza kwa simu siku mbili, akasema mashine ije.

Mimi ni karani wa chama cha msingi, huu mwaka wa 11. Korosho ikishapimwa na mkulima akapewa stakabadhi yake, naingiza kilo kwenye databesi ya Access, programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu. Databesi yenyewe ilitengenezwa na kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, akamaliza miezi yake akaondoka bila kuacha hata karatasi moja ya maelezo. Mnada ukishapita, natoa orodha ya malipo kwenye Excel: jina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), akaunti, kilo, makato, kinachobaki. Orodha hiyo ndiyo inayokwenda benki. Ikikosewa, asubuhi nakuta wazee wamekaa kwenye baraza ya ofisi wananisubiri, na hakuna anayetaka kusikia habari za kompyuta.

Msimu uliopita vitu viwili viliharibika ndani ya wiki moja. Umeme ulikatika nikiwa naingiza kilo za jioni. UPS yetu, lile boksi la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ililia mara mbili ikazima pamoja na umeme. Uliporudi, databesi ikagoma kufunguka, ikidai haitambui aina ya faili hilo. Siku tatu baadaye benki wakaturudishia orodha ya malipo ya mnada uliotangulia. Akaunti nyingi zilikuwa pungufu tarakimu, na namba za NIDA za watu wengi zilikuwa zinaishia na sifuri tano.

Kabla ya Mtwara tulimwita fundi wa karibu, simtaji. Aliangalia dakika tano akasema ni virusi, dawa yake kupiga Windows upya. Nikamuuliza, na data? "Data zitarudi tu, mama." Zitarudi kutoka wapi hakusema. Meneja wangu alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Nilichomoa waya wa umeme ukutani, nikasema mashine ina joto, ipumzike. Tukampa elfu kumi ya kuangalia, akaenda zake.

Huyu wa Mtwara yuko Chikongola, chumba cha nyuma cha duka la stesheneri. Hana bango. Unapita katikati ya mashine mbili za fotokopi, unainamisha kichwa, unamkuta kijana wa miaka thelathini na kitu, feni inapuliza kompyuta na yeye mwenyewe analowa jasho. Mlango wake umezuiwa na boksi la hadi diski mbovu. Kiti cha mteja ni kimoja, na siku ile alikuwa amekikalia mwalimu mwenye laptopu iliyomwagikiwa chai, kwa hiyo nilisimama saa nzima. Hilo namkata alama.

Ila zamu yangu ilipofika, aliuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na fundi yeyote. Mara ya mwisho faili lilifunguka lini? Nani mwingine alikuwa amelifungua saa hiyo? Kwa waya au kwa waifai? Mna nakala ya tarehe gani? Nikamwambia nakala ya mwisho ni ya Agosti. Hakunicheka. Akafungua sipiyu, akapuliza vumbi, akanakili faili kwenye diski yake mwenyewe na kwenye flashi yangu, kisha akaniambia niitie flashi kwenye pochi na nisimpe hata akiiomba. Kazi yote akaifanyia kwenye ile nakala yake.

Kwanza alinionyesha ukubwa wa faili: GB 1.7. Kumbe Access haivuki GB 2, ikifika hapo basi. Na sisi kilo na majina peke yake visingefika hata sehemu ndogo ya hapo. Kilichojaza ni picha za pasipoti za wanachama, tulizokuwa tunazibandika mle mle ndani ya databesi. Kila picha inayobandikwa namna ile inahifadhiwa kwa uzito mkubwa kuliko faili la picha lenyewe. Sikujua. Yule kijana wa mafunzo alitufundisha kubandika, tukabandika miaka yote hiyo.

Halafu akatengeneza databesi mpya, tupu, akaanza kuvuta meza moja moja, yaani majedwali ya data, kutoka kwenye ile iliyokufa. Wanachama, ikaingia. Makato, ikaingia. Meza ya mizani ikafika katikati ikakwama. Hapa ndipo nilipomkubali. Aliifungua ile meza, akashuka taratibu na mshale wa kibodi mpaka kwenye mstari mmoja ambao badala ya jina na kilo ulikuwa na alama za ajabu, kama herufi za Kichina. Akaandika namba ya mstari huo kwenye kiganja kwa kalamu. Akavuta mistari yote iliyo juu yake, ikaingia. Akavuta yote iliyo chini yake, ikaingia. Mmoja ule akauacha. "Mama, huu mtautafuta kwenye stakabadhi." Nikapiga simu ofisini, mwenzangu akafungua kitabu cha siku ile, akakuta ni mzee mmoja wa kitongoji cha mwisho kabisa, kilo 486. Nikaziingiza mwenyewe palepale, kwenye kibodi ya fundi yenye mafuta ya chipsi.

Picha akazitoa nje ya databesi akaziweka kwenye folda, ndani akabakiza jina la faili la kila picha. Akaibana, ikashuka hadi MB 38. Sasa inafunguka kabla sijakaa vizuri.

Chanzo hakikuwa umeme peke yake. Ofisini tuna kompyuta mbili, na zote mbili tulikuwa tunafungua faili lile lile kupitia waifai ya rauta ya laini ya simu. Waifai ikiyumba wakati mmoja wenu anaandika, Access inabaki na sentensi nusu. Ameigawa: meza za data zinakaa kwenye mashine yangu tu, na kila mmoja ana faili lake la fomu na ripoti, na kati ya mashine mbili umepita waya. Waya wenyewe, mita kumi, alituuzia yeye. Nilipokwenda kuulizia duka la jirani nilikuta ni nafuu kwa elfu tatu. Alama nyingine hiyo.

Akanionyesha pia kitu ambacho kimetusumbua miaka. Kuna siku databesi inakataa, inasema mtu mwingine anaitumia, na ofisini niko peke yangu. Ukiangalia kwenye folda utakuta kifaili kidogo chenye jina lile lile la databesi, mwisho wake kimeandikwa ldb. Hicho ni kufuli. Databesi ikifunguliwa kinazaliwa, ikifungwa vizuri kinakufa. Kompyuta ikizimika ghafla kinabaki. Hakikisha wote mmefunga, kifute, fungua. Mimi siku hizo nilikuwa nazima na kuwasha mashine mpaka kitufe kimelegea.

Upande wa Excel alitumia muda mfupi zaidi, ila ndiko nilikopata aibu. Akaunti zinazoanza na sifuri Excel inaziona ni namba, na namba haianzi na sifuri, kwa hiyo inaila. Hizo alizirudisha kirahisi, kwa kuwa benki ile tarakimu zake zinajulikana idadi. Ikipungua moja, sifuri inawekwa mbele kwa fomula. Nikashusha pumzi. Nikamwambia haya, sasa NIDA.

"NIDA hazirudi, mama."

Nikadhani anataka kuongeza bei. Akafungua shiti tupu, akaniambia niandike namba yangu mwenyewe, tarakimu zote 20, bila vistari. Nikaandika, nikabonyeza Enter. Ikageuka kuwa kitu kifupi chenye herufi E katikati. Akaipanua: tarakimu 15 za mwanzo zangu, tano za mwisho sifuri. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazifanya sifuri na haikuambii. Mwaka wangu wa kuzaliwa upo, mwezi upo, tarehe ipo, mkia umekwenda. Walioandikwa na vistari walisalimika, kwa kuwa vistari viliifanya Excel ione ni maandishi. Walioharibika walikuwa 214, na hao wote tuliwaingiza upya kutoka kwenye fotokopi za vitambulisho, siku mbili, mimi na mwenzangu, mmoja anasoma mwingine anaandika. Dawa yake ni kuigeuza safu iwe ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Ukishaandika ndiyo ukageuza, umechelewa. Fundi mwingine angeninong'oneza kwamba ana programu ya kuzirudisha.

Jingine ni jumla ya kilo. Mzani wa siku moja ulisema 41,380, shiti inasema 39,905, na mtunza ghala alikuwa ameshaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Fundi aliipanua ile safu, akaondoa mpangilio wa kukaa katikati ambao mimi niliuweka kwa ajili ya urembo. Namba zote zikakimbilia kulia. Kumi na moja zikabaki kushoto. Hizo kumi na moja, akasema, si namba, ni maneno, na fomula ya kujumlisha inayaruka maneno. Akabonyeza moja akaikuza: 12O. Hiyo ya mwisho ni herufi O. Nikampigia mwenzangu simu tena. Kimya kidogo, kisha, "Dada, siku ile kitufe cha sifuri kilikuwa kimeganda, nikaona O si ndiyo hiyo hiyo." Zile kumi na moja ukizijumlisha ni kilo 1,475. Mtunza ghala nilimpelekea soda.

Tarehe nazo zilikuwa zimekaa Kimarekani, mwezi mbele. Tarehe 3 Novemba ikasomeka 11 Machi, chama kikaonekana kinapokea korosho mwezi wa tatu. Akarekebisha kwenye mipangilio ya Windows, dakika mbili, kisha zile za zamani akazigeuza kwa fomula.

Gharama yote laki na ishirini, pamoja na ule waya. Siku mbili kazi, nikalala kwa shemeji Magomeni. Risiti hakutoa mpaka nilipomwambia bila risiti mkaguzi atanikata mimi mshahara, ndipo akaniandikia, baada ya kunizungusha mpaka alasiri. Simu hapokei mchana. Mtumie ujumbe usiku, anajibu. Na ana tabia ya kubadilisha vitu bila kuuliza: nimerudi nyumbani nimekuta picha ya ufukwe wa Msimbati kwenye skrini ya chama, badala ya nembo yetu, na pasiwedi mpya ya databesi imeandikwa nyuma ya kipande cha pakiti ya sigara, ndani ya mfuko wa flashi. Ningekitupa kile kipande sijui ningemwambia nini mwenyekiti wa bodi.

UPS hakuigusa. Alisema betri imekufa, tununue ya volti 12, ampia 7, tubadilishe wenyewe kwa bisibisi. Tumebadilisha. Sasa napata kama dakika kumi na mbili, zinatosha kuhifadhi, kufunga na kuzima. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi nanakili faili kwenye flashi, na flashi inalala nyumbani kwangu.

Nampa nne kati ya tano. Ile moja ni kiti, risiti na elfu tatu za waya. Tangu nirudi nimepeleka orodha za minada sita na haijarudishwa hata moja, isipokuwa jina moja ambalo mwenyewe alibadilisha benki bila kutuambia.

Ukienda, fika kabla ya saa 3, Ijumaa usiende kabisa. Monita iache, anazo. Waya wa umeme wa sipiyu beba wako, maana wa kwake umebanduka plastiki na unashikwa kwa selotepu. Na kondakta akikudai elfu mbili, anza na elfu moja.