Vifaa vya kuosha na kulinda gari nyumbani: kipi ununue kwanza

Gari langu jeusi niliharibu rangi yake mwenyewe, kwa sponji ya njano na sabuni ya vyombo. Nililiosha kila wiki kwa bidii zote. Miezi michache baadaye, jua la asubuhi lilipopiga boneti, nikaona mikwaruzo myembamba imejipanga duara kama utando wa buibui. Hakuna mtoto aliyepita na msumari. Ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Tabaka la juu kabisa la rangi ya gari halina rangi, ndilo mafundi wanaloliita klia. Kwa kawaida unene wake ni mikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele mmoja wa kichwani hufikia kama 70. Sponji haina pa kuficha mchanga, basi chembe hubaki usoni pake na wewe unazisugua humo humo kwenye klia. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na kile kinachogusa gari. Chupa za kung'arisha zitasubiri.

1. Glavu, taulo na ndoo mbili

Hapa usibane mkono. Chukua glavu ya kuoshea ya mikrofaiba yenye manyoya marefu, kwa sababu chembe huzama ndani ya manyoya badala ya kubaki juu. Taulo za kufutia dawa ziwe na uzito wa gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba. Ya kukaushia iwe nzito zaidi na pana, ili uilaze juu ya boneti na kuivuta taratibu bila kusugua.

Taulo usiyoiamini ijaribu kwenye mgongo wa CD ya zamani. Sugua kidogo kisha igeuzegeuze kwenye mwanga. Ikiacha mistari kwenye CD, itaacha na kwenye gari. Kata pia kile kilebo cha pembeni, maana nailoni yake ni ngumu kuliko unavyodhani. Wakati wa kuzifua, usitie dawa ya kulainisha nguo, kwani huziba nyuzi na taulo inaacha kunywa maji. Wala usizichanganye na nguo za pamba, utatoka na manyoya meupe gari zima.

Ndoo ni mbili: moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla hujairudisha kwenye povu. Ukiweza, weka wavu wa plastiki chini ya ndoo ya kusuuzia, mchanga utulie chini yake. Ukimaliza, chungulia ule mchanga uliolala chini. Huo wote ungekuwa unazunguka juu ya milango yako. Na glavu ikianguka chini, hata kama ni kwa sekunde moja, iweke kando mpaka ifuliwe.

2. Shampuu ya gari

Yoyote yenye pH ya karibu na 7, yaani isiyo na asidi wala alkali kali, inatosha, na chupa moja hukaa muda mrefu kwa sababu huzimuliwa kwa maji mengi. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, na hivyo hukata pia nta uliyopaka. Sabuni ya unga ya kufulia ni mbaya zaidi, ina alkali kali na hufifisha mng'ao. Shampuu zinazojitangaza kuosha na kupaka nta kwa mpigo mmoja mimi huziruka. Kinga yake ni nyembamba mno.

Asiye na mpira wa maji atafute shampuu isiyohitaji kusuuzwa: ndoo moja, taulo kadhaa, unafuta na kukausha kipande kwa kipande. Ni nzuri kwa gari lenye vumbi. Kwa gari lililoganda tope, hapana.

3. Dawa ya rimu

Ule weusi unaokaa zaidi kwenye rimu za mbele kuliko za nyuma ni vumbi la breki. Ndani yake mna chembe za chuma zilizokwanguliwa kwenye diski na pedi, zinaruka zikiwa za moto, zinanasa kwenye rangi ya rimu kisha zinapata kutu hapo hapo. Ukiziacha miezi mingi, sabuni peke yake haizitoi tena. Chaguo zangu zinafuatana hivi:

Kwanza, shampuu ile ile ya gari na brashi laini. Ukiosha rimu kila unapoosha gari, huhitaji zaidi ya hapo. Brashi na ndoo ya rimu zisikaribie mwili wa gari kabisa.

Pili, dawa ya kuyeyusha chuma. Unapulizia, na baada ya dakika chache inageuka zambarau na kutiririka kama juisi ya zabibu. Hiyo ni dalili kwamba imekutana na chuma. Harufu yake ni ya mayai viza, kwa hiyo fanyia kazi nje na uvae glavu za mpira. Isiachwe ikaukie, na mara tatu au nne kwa mwaka zinatosha.

Tatu, dawa za alkali kali, kwa rimu zilizopakwa rangi na kuchafuka kupindukia. Kwenye aluminiamu tupu iliyong'arishwa zinaweza kuacha ukungu.

Za mwisho ni zenye asidi, na hizi naziweka hapa ili tu nikwambie usinunue. Niliwahi kununua moja kwa sababu iliahidi kusafisha bila kusugua. Ilisafisha kweli, kisha ikaniachia wingu jeupe kwenye rimu mbili ambalo halijatoka hadi leo. Nyingine zina asidi ya floridi, ambayo hupenya ngozi na kuunguza ndani. Soma lebo kabla ya kulipa.

Vyovyote utakavyochagua, anza na rimu kabla ya mwili wa gari, na ziguse kwanza kwa mkono. Zikiwa za moto, subiri, dawa isije ikakauka kabla ya kufanya kazi.

4. Kinga ya rangi

Kabla ya kununua, osha gari, ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki na upapase boneti. Ukihisi inakwaruza kama msasa laini, kuna uchafu ulionasa, na kinga utakayopaka haitashika vizuri. Unatolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukitelezeshwa juu ya maji ya shampuu bila kukandamiza. Udongo huo ukianguka chini, tupa.

Namba moja kwangu ni kinga ya kupulizia iliyotengenezwa kwa kemikali badala ya nta ya asili, ikiwemo zile zenye silika. Unapulizia kwenye taulo, unapaka, unageuza upande mkavu na kufuta. Gari zima ni nusu saa, na kinga hukaa miezi kadhaa. Ukikosea, unafuta tena basi.

Namba mbili ni nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende huko kaskazini-mashariki mwa Brazili. Hakuna kinachoipa rangi nyeusi au nyekundu mng'ao wa kina kama nta hii, ila hudumu wiki chache au miezi miwili. Ni ya mtu anayependa kazi yenyewe, na mimi ni mmoja wao.

Namba tatu ni seramiki ya chupa ndogo, kinga ya majimaji inayoganda kuwa tabaka gumu juu ya rangi. Hukaa mwaka na zaidi, lakini rangi lazima ipigwe polishi kwanza, la sivyo unafungia mikwaruzo chini yake. Ukichelewa kuifuta inaganda kwa mabaka, na hayo hutoka kwa polishi tena. Isiguswe na maji kwa saa 24 hivi. Na haizuii kinyesi cha ndege kula rangi. Bado utalazimika kukilowesha kwa taulo yenye maji na kukiinua mapema. Bila sehemu yenye paa, achana nayo.

Kinga hiyo hiyo ya kupulizia paka na kwenye rimu zikiwa safi. Vumbi la breki litatoka kwa maji tu kwa wiki kadhaa.

5. Dawa ya tairi

Hii ni urembo. Nunua ya maji, inayofanana na maziwa, uiache ile yenye mafuta ya silikoni. Ya mafuta hung'aa kama kiatu kipya, kisha tairi likizunguka inarukia milango kwa matone meusi. Paka kwa sponji, subiri dakika kumi, futa iliyozidi. Isiguse sehemu inayokanyaga barabara wala diski ya breki.