Chujio la kutenga maji kwenye petroli: miezi minne baharini, Msanga Mkuu

Nina boti ndogo ya fiberi yenye mashine ya HP 15, tu-stroki (ya kuchanganya oili kwenye petroli), ya kuvuta kwa kamba. Navua mshipi nje ya Msanga Mkuu, samaki nawavusha kuuza Mtwara mjini. Mwezi wa saba, kusi limeshika, tulimaliza kuvua alfajiri, tukang'oa nanga, mashine ikagoma. Nikivuta inakohoa mara moja, kisha kimya. Tulirudi kwa makasia, watu wawili, upepo usoni. Tulipofika jua limeshapanda na samaki wameanza kulegea.

Yale ya mwanzo niliyakagua hukohuko majini: klipu nyekundu ya kamba ya usalama ipo mahali pake, gia iko huru, kifuniko cha tanki kimefunguliwa hewa, mpira wa kupampu umekaza. Nchi kavu nikabadilisha plagi, kisha nikabadilisha tena. Pesa ya bure hiyo, maana cheche zilikuwapo tangu awali, za bluu kabisa.

Fundi mmoja, mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, iache kamba, utaikata." Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga mafuta kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, akaisimamisha kivulini. Punde chini ya petroli yakajikusanya matone mazito, yanateleza kila akiinamisha chupa. Maji! Petroli ni nyepesi, kwa hiyo maji hukaa chini ya tanki, na bomba linanyonya kutoka hukohuko chini. Nami nilikuwa nalaza tanki likiwa nusu. Usiku ukipoa, unyevu wa ile hewa ya ndani hugeuka matone. Tena hewa ya kifuniko nilikuwa naiacha wazi hata mawimbi yakituruka.

Ndipo nikanunua hili chujio, shilingi 85,000 pamoja na mpira wa mafuta. Lina katriji (kile kichujio chenyewe) ya kufungua kwa mkono, na chini bakuli linaloonyesha ndani, lenye skrubu ya kumwagia maji. Nimelifunga wima kati ya tanki na mpira wa kupampu, mshale ukielekea kwenye mashine. Nusu saa tu. Safari ya kwanza lilikamata maji ya kujaza kijiko cha chai, na hapo tanki nilikuwa nimeshalisafisha! Tangu siku hiyo, ukiacha mara moja nitakayoieleza, mashine inawaka kwa mvuto wa pili, na haijanilaza njiani.

Klipu za kubania mpira wa mafuta zilizokuja nalo ni mbovu. Wiki tatu tu zimeota kutu, moja ikalegea, mpira ukanyonya hewa na mashine ikasumbua upya. Nikaweka za chuma kisichoshika kutu. Katriji ya akiba nayo niliikosa mjini, nikaagiza Dar. Na ukikosea oili halikusaidii kitu: mashine yangu inataka 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli, na hiyo napima kwa chupa yenye alama, sikadirii kwa macho.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano, ile moja imeondoka na klipu. Siku hizi tanki nalijaza jioni, na alfajiri namulika bakuli kwa tochi ya simu kabla sijashika kamba.