Chupa za zamani za soda, Ilala: nyota tatu, na mafuta ya nazi juu yake

Nilinunua chupa tatu kwa muuza vitu vya kale mmoja pale Ilala. Elfu sabini zote, baada ya kuvutana nusu saa. Mimi nakusanya zenye maandishi yaliyotokeza kwenye kioo chenyewe, yale unayoyasoma kwa kidole hata umeme ukikatika. Zilizochapwa kwa rangi sizigusi.

Iliyonimaliza ni ya goroli. Mwingereza Hiram Codd ndiye aliyeisajili, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Goroli ya kioo inakaa shingoni, na gesi ya soda yenyewe ndiyo inayoisukuma juu ikabana kwenye pete ya mpira. Ukitaka kunywa, unaidumbukiza goroli ndani, soda inafoka. Watoto wa zamani walizivunja nyingi wapate goroli ya kuchezea. Yangu ni nzima, mpira tu umeoza. India chupa za namna hii zinatumika mpaka leo, kwa hiyo sikukubali kulipia umri, nililipia uzuri.

Ya pili ni Coca-Cola ya kiuno. Jamaa akaapa ni ya enzi ya Mjerumani: "Mwaka 1905 hiyo, kaka." Umbo hilo lilibuniwa 1915 huko Indiana, Marekani, na Septemba 1916 Waingereza walishaingia Dar. Nilipomwambia alicheka, akapunguza elfu tano.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Dukani iling'aa kama imetoka kiwandani jana. Wiki mbili kabatini, ukungu mweupe ukaanza kurudi. Nikanusa mdomo wa chupa: mafuta ya nazi! Kioo kilichokaa muda mrefu kwenye unyevu huliwa juu, na ukungu ule hautoki kwa sabuni, siki wala kutikisa mchele ndani (nimejaribu vyote). Mafuta yanauficha tu. Nilipomrudia akaniambia, "Kaka, kwani gari halipigwi polishi?" Hela hakurudisha.

Kufungasha lakini anajua. Magazeti, kisha kipande cha kanga. Nikapanda nazo bodaboda hadi Tabata, hata mlio sikusikia. Nitarudi kwake, ila mchana, na kitambaa kikavu mfukoni cha kupitisha ndani ya shingo kabla sijataja bei.

Ya goroli nimeiweka juu ya friji. Mwanangu ameshauliza mara mbili inatolewaje.