Kozi ya CCNA: nimelipia mara mbili, acha niwaeleze tofauti

Watu wananiuliza sana kama CCNA, kile cheti cha neti za kompyuta cha kampuni ya Cisco, inafaa pesa yake. Inafaa, walai, lakini ujue kwanza unanunua nini.

Mara ya kwanza nilisoma sehemu moja hapa Kampala, jina naliacha. Bango lao limeandika CCNA herufi kubwa, nikapanda basi kutoka Arua nikaja, wiki sita, mwalimu anajua kazi siwezi kumsema vibaya, siku ya mwisho tukapiga picha kila mtu akapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu, basi nikaanza kukisambaza na CV. Kwenye intaviu mama mmoja akakishika, akageuza nyuma, akaniuliza, "Ssebo, namba yako ya Cisco iko wapi?" Hata sikujua kuna namba. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba hiki ni cha kuhudhuria darasa tu, mtu aliyefaulu mtihani wa Cisco wenyewe anakuwa na namba inayoanza na CSCO na mwajiri anaweza kukihakiki cheti chake mtandaoni. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Old Taxi Park, nauli ninayo mfukoni lakini sikutaka kukaa na watu.

Mara ya pili nikaingia kwenye chuo kinachofundisha programu ya Cisco Networking Academy, na hiyo ndiyo naisifu. Kozi za CCNA huko ni tatu zinafuatana, ya kwanza misingi ya neti, ya pili switchi na ruta (vile vifaa vya kuunganisha neti) na wailesi, ya tatu usalama na neti za makampuni makubwa. Packet Tracer, ile programu ya kuigiza neti, ni ya bure, unajenga neti nzima kwenye laptopu, umeme ukikatika unaendelea na betri. Na mazoezi ya mikono yapo! Kebo ya neti ya kwanza nilibana plagi yake mara nne, zile nyaya nane nimezipanga vizuri, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, halafu kumbe bluu haijafika mwisho wa plagi, mwalimu akaiinua juu ya dirisha akanionyesha ile nafasi ndogo kama punje ya simsim. Sijasahau mpaka leo.

Lakini sikilizeni vizuri wadogo zangu, hata hapo ukimaliza unapewa cheti cha kumaliza kozi, bado si CCNA. CCNA ni mtihani, namba yake 200-301, unakaa kwenye kituo cha Pearson VUE, wale wanaosimamia mitihani, dakika 120 na swali ukishalipita hulirudii. Bei dola 300, kwa shilingi zetu inapita milioni moja, na ada ya darasa haimo humo. Ukifanya vizuri mtihani wa mwisho wa akademi unaweza kupata punguzo la vocha ya kulipia mtihani wa CCNA, kwa hiyo usiuchukulie kwa mchezo.

Ngazi zenyewe za vyeti vya Cisco: chini kabisa iko CCST ya anayeanza, inafuata CCNA, halafu CCNP yenye mitihani miwili, mmoja wa msingi na mmoja wa eneo unalochagua, juu kabisa CCIE ambayo ina mtihani wa msingi na maabara ya saa nane. Hakuna sharti la kupanda moja moja, ukiwa na uwezo unaruka, ila mimi singemshauri mtu ambaye bado anachanganya sabneti, yaani kugawa neti vipande, aruke. Na kituo kikikwambia eti wiki nne unatoka CCNP, uliza mtihani uko wapi na vocha nani analipa. Wakianza kuzunguka-zunguka, funga pochi.

Wale wa kushona, magari, bomba na kadhalika, huko njia ni nyingine, ni mambo yaliyokuwa ya DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya ufundi, mpaka sheria ya 2025 ikayapeleka kwa bodi ya UVTAB, na nilifurahi sana kuona kuna ile Worker's PAS ya mtu aliyejifunza kazi gereji au chini ya mwembe bila darasa, anapimwa mikono yake anapata karatasi inayotambulika.

Kasoro ninayoiona ni Kiingereza, masomo tuliyopewa yote marefu marefu, ndugu zetu waliosomea Kongo kwa Kifaransa wanateseka, kwa hiyo tafuteni kikundi cha kusoma pamoja, sisi tulikuwa watano tunaelezana kwa Kiswahili jioni.

Tena CCNA inaisha baada ya miaka mitatu. Unaweza kurudia mtihani au kukusanya pointi 30 za masomo ya kuendelea, na mimi nimechagua pointi, saa hii niko na 18.