Mche wa mchungwa: tuutambue kwa mwanga au kwa DNA?

Kila msimu anayepanda michungwa huku Lindi huuliza: huu ni mchungwa wa aina ya Valencia kweli, au nimebambikiwa? Majani yanafanana, na tunda la kwanza hungojewa miaka. Inauma kukosea.

Spektroskopia ya infraredi humulika jani kwa mwanga usioonekana kwa macho na kusoma unaorudi. Jani halichumwi, jibu huja kwa sekunde. Gharama iko kwenye kifaa, si kwenye mche. Lakini lazima kwanza kifundishwe kwa miche inayojulikana, na jani changa, lililonyauka au lenye upungufu wa madini hukipotosha. Jua letu la Oktoba halisaidii.

Kipimo cha DNA, yaani vinasaba vya mmea, hakijali ukame wala umri wa jani, ila hulipiwa kila sampuli, tena hufanyika maabara. Hutenganisha vizuri mchungwa na mchenza. Valencia na Washington Navel, aina nyingine ya chungwa, hata hivyo, zimetokana na mabadiliko madogo ya chungwa tamu lilelile, hivyo vipimo vya kawaida mara nyingi huziona kitu kimoja.

Mwenye kitalu cha maelfu, ningemwelekeza kwenye mwanga. Anayehakiki mti mama wa kukatia vikonyo vya kuunganishia miche, DNA. Mwenye miche ishirini? Aombe kuonyeshwa mti mama ukiwa na matunda.