BPC-157, TB-500 na GHK-Cu: kichupani kuna nini hasa

Kati ya peptidi hizi tatu (peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, matofali yanayojenga protini) zinazosifiwa kwa kuponya kano, misuli na ngozi, tunayoweza kumshauri mtu anunue ni GHK-Cu ya kupaka tu.

TB-500 ina tatizo tangu kwenye jina. Thymosin beta-4 ni protini ya mwilini yenye asidi amino 43. TB-500 ni kipande chake cha asidi amino 7. Wauzaji wengi huita vyote viwili TB-500. Soma uzito wa molekuli kwenye cheti cha maabara: takriban 889 ni kipande, 4963 ni protini nzima. Majaribio ya matone ya macho kwa binadamu yalitumia protini nzima, kwa hiyo muuzaji wa kipande hana haki ya kuyataja.

BPC-157 ina asidi amino 15. Tafiti zake nyingi zimetoka Zagreb, Kroatia, na kano za panya zilizokatwa ziliunga vizuri kweli. Kwa binadamu wamepimwa watu wachache mno. Tena huchochea mishipa mipya ya damu kuchipua, na uvimbe wa saratani nao hujilisha kwa mishipa hiyo hiyo. Aliyewahi kuugua saratani asiiguse. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, liliipiga marufuku mwaka 2022, na TB-500 nayo imo katika orodha. Mkimbiaji anayepimwa asidanganywe na maneno "kwa utafiti tu" kwenye lebo.

"Usafi 99%" huwapotosha wengi. Tarakimu hiyo haisemi kichupa cha miligramu 5 kina miligramu 5 za peptidi, kwa sababu chumvi na unyevu navyo vina uzito. Wala haipimi vijidudu au endotoksini, ile sumu ya kuta za bakteria inayoleta homa na kutetemeka baada ya sindano. Cheti kisicho na vipimo hivyo, au chenye namba ya toleo isiyofanana na ya kichupa, hakina kazi. Kosa jingine ni la hesabu: miligramu 5 zikiyeyushwa kwa mililita 2, yuniti moja ya bomba la insulini la yuniti 100 kwa mililita hubeba mikrogramu 25. Ukikosea nukta ya desimali, umejidunga dozi kubwa mara kumi.

GHK-Cu, iliyogunduliwa na Loren Pickart mwaka 1973, ni asidi amino tatu zilizoshika shaba, ndiyo maana seramu yake huwa ya buluu. Usiipake pamoja na vitamini C yenye asidi kali, kwani shaba huachia. EDTA, kemikali inayonasa metali, ikiwamo kwenye viambato, nayo huinyakua shaba hiyo. Hulainisha mikunjo ya ngozi kiasi. Goti linalouma halitafaidika nayo.

Mwenye kidonda cha mguu cha kisukari aachane na hizi zote, amuulize daktari kuhusu jeli ya becaplermin ya 0.01%, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Ni ghali, na hupakwa baada ya nyama iliyokufa kuondolewa, kamwe si mahali penye saratani.